Tafsida ya Mtawala na Ishara ya Mshairi

Katika kazi ya istilahi tunafuata kanuni moja ambayo wasomaji wa jarida hili wanaijua vyema: neno moja, dhana moja. Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha daktari, fundi na hakimu kufanya kazi bila ya kubabaishwa na maneno. Lakini yako maandishi yasiyoweza kupimwa kwa kipimo hicho, nayo ni mashairi. Katika shairi neno moja laweza kubeba dhana tatu kwa wakati mmoja, na mfasiri anayechagua moja na kuziacha mbili amelipunguza shairi. Miongoni mwa mashairi hayo, yaliyo magumu zaidi ni yale yaliyotungwa na watu waliodhulumiwa kwa sababu ya rangi yao, kwani watu hao walinyang'anywa pamoja na ardhi hata maneno ya kuielezea dhuluma yenyewe.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa kutumia mfano wa Afrika Kusini. Tumeuchagua mfano huo kwa sababu tatu. Kwanza, Afrika Kusini ni nchi ambayo serikali yake ilijiundia istilahi nzima ya ubaguzi, ikaiandika katika sheria. Pili, mapambano ya nchi hiyo hayakuwa mbali nasi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Mshairi Keorapetse Kgositsile alipoondoka kwao mwaka 1961 alifikia Dar es Salaam. Na vijana wengi waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto walisomea Mazimbu, Morogoro, katika chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Tatu, Kiswahili sasa kimefika huko. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa miongoni mwa masomo ya hiari shuleni, na mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne. Ni dhahiri basi kwamba maandishi ya Kusini yataendelea kupita mikononi mwa wafasiri wetu, yakiwemo mashairi yake.

Maana ya ishara na maana ya tafsida

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutenganisha maneno ambayo aghalabu huchanganywa katika vitabu vya shule. Tashbihi ni mlinganisho ulio wazi, wenye neno kama "mithili ya" au "kama". Sitiari ni kukiita kitu kwa jina la kingine bila ya kutumia neno la kulinganisha. Taswira ni picha yoyote inayojengwa na maneno katika akili ya msomaji. Jazanda, ingawa baadhi ya waandishi, hasa wa Kenya, hulitumia neno hilo kwa upana zaidi, sisi tunapendelea iwe picha iliyoendelezwa kwa urefu katika kazi nzima. Ama ishara, hiyo ni kitu kinachobaki kuwa chenyewe, lakini hapo hapo kinabeba jambo kubwa kuliko chenyewe.

Kiko kipimo chepesi ambacho mwalimu anaweza kukitumia darasani. Tukisema "Juma ni simba", na msikilizaji akayachukua maneno hayo kama yalivyo, sentensi inakuwa uongo, maana Juma hana mkia wala makucha. Hiyo ni sitiari. Lakini mshairi akitaja ngoma inayopigwa usiku, na msikilizaji akayachukua maneno kama yalivyo, sentensi inabaki kweli: ngoma ipo, na inapigwa. Hata hivyo msikilizaji anabaki na hisia kwamba kuna jambo lingine lililosemwa. Hiyo ndiyo ishara. Sitiari hukataa kusomwa juu juu. Ishara hukubali, na kwa sababu hiyo yaweza kupita mbele ya macho ya askari bila ya kushikwa.

Sasa tuiangalie tafsida. Tafsida ni kutumia neno laini mahali pa neno kali. Katika adabu za Kiswahili tafsida ni jambo jema: husema "amejifungua", husema "amefariki", husema "anakwenda haja". Hapo msemaji na msikilizaji wote wawili wanaujua ukweli, na neno laini ni heshima baina yao. Lakini iko tafsida ya namna nyingine, ambayo mwenye nguvu huitumia ili ukweli usijulikane, au ili yeye mwenyewe asiusikie. Tafsida hiyo na ishara zinafanana kwa sura: zote mbili husema jambo moja na kukusudia jingine. Zinatofautiana kwa nia. Tafsida ya mtawala huficha ili msomaji asitafute; ishara ya mshairi huficha ili msomaji atafute. Mfasiri asiyeijua tofauti hii anaweza, bila ya kujua, kumtumikia mtawala na kumnyamazisha mshairi.

Lugha ya sheria

Chama cha National Party kilipochukua serikali ya Afrika Kusini mwaka 1948, kiliipa siasa yake jina la Kiafrikana, *apartheid*. Maana yake ya asili ni hali ya kuwa mbalimbali, yaani utengano tu. Neno lenyewe halimtaji anayetenga wala anayetengwa. Mtu asiyejua angedhani pande mbili zimekubaliana kukaa mbali. Hapa Kiswahili kilifanya jambo la kusifiwa. Badala ya kuifuata tafsida hiyo, magazeti na redio zetu zilisema "ubaguzi wa rangi". Neno hilo limetokana na kitenzi *kubagua*, na kitenzi hicho kina mtendaji, yaani mbaguzi, na kina mtendwa, yaani mbaguliwa. Kwa tafsiri moja tu Kiswahili kiliyarudisha majina ya watu ambayo neno la asili lilikuwa limeyafuta. Hata hivyo ipo kasoro moja ya kiistilahi: "ubaguzi wa rangi" ni jina la ubaguzi wa namna hiyo popote duniani, ilhali *apartheid* ni mfumo maalumu wa sheria wa nchi moja, ulioondolewa rasmi pale serikali ya kidemokrasia ilipoingia mwaka 1994. Katika maandishi ya historia na sheria ni vyema kusema "mfumo wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini".

Sheria zilizofuata zilijaa tafsida. Mwaka 1952 ilipitishwa sheria ambayo jina lake lilitangaza kufutwa kwa pasi walizokuwa wakibeba Waafrika. Msomaji wa jina angefurahi. Lakini ndani yake sheria hiyo iliziunganisha hati zilizokuwapo katika kitabu kimoja ambacho kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kukibeba, na baadaye ikawafikia wanawake pia. Ndiyo sababu tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana mpaka Pretoria kupinga "pasi" ambazo kwa jina la sheria zilikuwa zimekwisha futwa. Tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville katika maandamano ya kuzipinga pasi hizo hizo. Mwaka 1959 ilipitishwa sheria nyingine yenye jina la kupanua elimu ya chuo kikuu. Sheria hiyo ndiyo iliyowafungia wanafunzi weusi milango ya vyuo vikuu ambavyo hapo kabla viliwapokea, isipokuwa kwa ruhusa ya waziri.

Mtumishi wa serikali anayefasiri hati za namna hii afanyeje? Jina la sheria ni jina, naye hana ruhusa ya kulibadilisha. Akiandika "Sheria ya Kuwafungia Weusi Vyuo Vikuu" amekuwa mwandishi wa habari, siye mfasiri tena. Lakini akiliacha jina peke yake, mbele ya msomaji asiyejua, amekuwa msemaji wa mtawala. Ushauri wetu ni kwamba jina lifasiriwe kama lilivyo, kisha sentensi moja ieleze sheria hiyo ilitenda nini. Uaminifu kwa maneno na uaminifu kwa ukweli vyote viwili ni wajibu wa mfasiri, na mahali vinapogongana sentensi moja ya ziada hutosha kuvipatanisha.

Tafsida iliyo chungu kuliko zote kwetu sisi wana wa lugha hizi ni ile ya neno *Bantu*. Mwanaisimu W.H.I. Bleek alilitumia neno hilo katika karne ya 19 kulitaja kundi kubwa la lugha zetu, kwa sababu mzizi wake umeenea kotekote: ba-ntu, a-ndu, wa-tu. Maana yake si nyingine ila "watu". Serikali ya Makaburu ililichukua neno hilo la kitaalamu, ikaliweka mahali pa neno "wenyeji" katika majina ya idara na sheria zake, ikiwemo Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953, iliyokusudia kuwapa watoto weusi elimu duni. Wakafika hata kumwita mtu mmoja "Bantu", neno la wingi likawekwa juu ya mtu mmoja. Neno lenye maana ya "watu" likawa ndilo jina la wale wasiohesabiwa kuwa watu. Mshairi wa Kusini anapolitaja neno hilo kwa uchungu, msomaji wa Kiswahili anaweza kuufahamu uchungu huo upesi kuliko msomaji wa Kiingereza, kwani yeye anazo mdomoni *mtu*, *watu* na *utu*. Mfasiri asiipoteze nafasi hiyo. Katika isimu "lugha za Kibantu" ni istilahi sahihi na ibaki. Katika shairi la mapambano, "Mbantu" na "Wabantu" yaandikwe tu pale ambapo mshairi anamnukuu mtawala. Kwingineko mfasiri aseme "mtu" na "watu", nalo jibu litakuwa limekamilika.

Majibu ya washairi

Watu hawakungoja wataalamu wa istilahi ili kujibu. Kitabu kile cha pasi, ambacho serikali ilikipa jina la heshima, wenyewe waliokibeba walikiita *dompas*, yaani pasi ya kijinga. Hilo ni neno la mtaani linaloivua nguo tafsida ya sheria. Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na pasi katika shairi ana maneno matatu ya kuchagua. Akisema "kitambulisho" amekosea, maana siku hizi kitambulisho ni haki ya raia, na mtu hupanga foleni akitake. Akisema "pasi", wengi watafikiri ni hati ya kusafiria nchi za nje. Lakini liko neno la tatu, nalo ni "kipande". Katika Kenya ya kikoloni wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande, hati iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Na kuanzia miaka ya 1920 watu kama Harry Thuku walikipinga. Neno hilo lina kumbukumbu ya mwili ndani yake. Tunapendekeza litumike katika tafsiri za mashairi ya Kusini, na katika hati za kisheria isemwe "kitabu cha kipande".

Mfano wa pili ni diwani ya Mongane Wally Serote ya mwaka 1972, iitwayo *Yakhal'inkomo*. Serote alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini miezi tisa bila ya kushitakiwa. Jina la diwani hiyo lataja sauti wanayoitoa ng'ombe wamwonapo mwenzao anachinjwa. Hapa kila neno ni kweli kama lilivyo: ng'ombe wapo, wanachinjwa, nao hutoa sauti. Ndiyo ishara tuliyoieleza hapo juu. Kiswahili kina bahati kubwa katika kulifasiri jina hili, kwa kuwa kitenzi chetu *kulia* kinaenea kwa mtu mwenye machozi, kwa mnyama na kwa chombo. Lakini tukifika kwenye nomino, hapo lugha inatutaka tuamue. Tukisema "Mlio wa Ng'ombe" tumetaja sauti tu, kama mlio wa bunduki au wa kengele. Tukisema "Kilio cha Ng'ombe" tumetaja maombolezo. Na tena kwetu kilio si sauti peke yake, ni mkutano wa waliofiwa, ndiyo maana mtu husema "nimetoka kilioni". Kwa kubadilisha kiambishi kimoja, ng'ombe wanageuka kutoka wanyama wanaopiga kelele na kuwa ndugu waliofiwa. Sisi tunapendelea "Kilio". Tahadhari moja tu: baadhi yetu hulitumia neno "ng'ombe" kumtusi mtu mjinga, hali kwa Wazulu na jirani zao ng'ombe ni mali, mahari na kiungo baina ya walio hai na wahenga wao. Mwalimu aliseme jambo hilo kabla ya darasa kuanza kucheka.

Mfano wa tatu ni ngoma. Mwaka 1971 Oswald Mtshali, aliyekuwa tarishi katika mji wa Johannesburg, alitoa diwani yake *Sounds of a Cowhide Drum*, yaani sauti za ngoma ya ngozi ya ng'ombe. Ngoma hiyo ni ishara ya urithi unaozungumza na watu walioambiwa kwamba hawana urithi. Kwetu pia ngoma ni neno pana: ni chombo, ni mchezo, na mahali pengine ni mafunzo ya jando na unyago. Upana huo wamfaa mfasiri. Lakini Waswahili wanayo methali isemayo kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Mfasiri akiandika kwamba ngoma hii "yavuma sana", msomaji ataisikia methali hiyo, naye ataona kwamba mshairi anatabiri kushindwa kwa watu wake. Kosa hilo halimo katika kamusi yoyote. Limo katika masikio ya wasomaji. Ni afadhali kusema ngoma "yalia" au "yaita".

Tusidhani kwamba kazi hii ilianza miaka ya 1970. B.W. Vilakazi alichapisha diwani zake za Kizulu mwaka 1935 na mwaka 1945, na katika ile ya pili limo shairi liitwalo *Ezinkomponi*, linalohusu migodi ya dhahabu na mashine zake. Jina hilo limejengwa juu ya neno la mkopo, lililotokana na jina la Kiingereza la kambi za wachimba migodi. Vilakazi hakukosa Kizulu cha asili. Alikuwa mtaalamu wa lugha, na kamusi kubwa ya Kizulu na Kiingereza aliyoitunga pamoja na C.M. Doke ilitoka mwaka 1948, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Aliuchagua mkopo kwa kuwa kambi zenyewe zililetwa na wageni, na neno la asili lingeufuta ugeni huo. Sisi tunaofanya kazi ya kusanifu maneno tuna funzo hapo. Neno la mkopo si aibu daima; wakati mwingine ni ushahidi.

Na kwamba maneno yana nguvu, serikali yenyewe ilikiri kwa vitendo. Dennis Brutus, baada ya kifungo cha kisiwa cha Robben, alikatazwa na sheria kuandika chochote cha kuchapishwa. Akaandika barua kwa shemeji yake Martha, na barua hizo zilikuwa mashairi. Zilitoka ng'ambo kama kitabu mwaka 1968. Serikali ambayo ilikuwa na jeshi, polisi na mahakama iliona haja ya kumzuia mtu mmoja asitunge beti.

Weusi na weupe

Jambo linalowatatiza sana walimu ni rangi zenyewe. Katika lugha nyingi za Ulaya weupe umefanywa ishara ya wema na weusi ishara ya uovu. Washairi wengi wa Kusini waliugeuza mpango huo makusudi. Je, Kiswahili kimesimama wapi? Ni lazima tukubali kwamba nasi tunasema "moyo mweupe" kwa maana ya moyo safi. Lakini pia husemwa kwamba mtu "ni mweupe kabisa" kwa maana kwamba hajui kitu. Na katika bendera ya Tanzania, kama katika ile ya Kenya, rangi nyeusi ni ishara ya watu wenyewe. Kwa hiyo lugha yetu haikufungwa upande mmoja, na mfasiri anao uwanja wa kutosha.

Linalotutia wasiwasi ni maneno yanayoingia kila siku kwa tafsiri ya neno kwa neno: "soko jeusi", "orodha nyeusi", "kondoo mweusi". Maneno haya hayakuzaliwa kwetu. Biashara ya siri tunaiita "magendo" tangu zamani. Orodha hiyo ni "orodha ya waliopigwa marufuku". Na mtoto anayeiaibisha jamaa yake tunayo majina mengi ya kumwita. Tunapoyaingiza maneno hayo katika barua za ofisi tunaazima dharau pamoja na msamiati, wala hatukuwa na upungufu wa maneno.

Aidha mfasiri awe macho na neno "weusi" katika maandishi ya wafuasi wa Steve Biko, aliyekufa mikononi mwa polisi tarehe 12 Septemba 1977. Serikali ilikuwa ikiwaita Waafrika, machotara na Wahindi kwa jina moja la ukanushi, "wasio weupe". Chama cha wanafunzi cha SASO, kilichozinduliwa mwaka 1969, kililikataa jina hilo kwa hoja iliyo wazi: mtu hawezi kuitwa kwa kile asichokuwa. Wakajiita "weusi", na katika neno hilo waliwajumlisha wote waliobaguliwa. Mfasiri akiandika "Waafrika" mahali hapo, amewatoa nje watu ambao mshairi aliwaingiza ndani.

Lugha ya mdhalimu

Limebaki swali moja kubwa. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto waliandamana, nao walipinga agizo la mwaka 1974 lililowalazimisha kusoma baadhi ya masomo kwa Kiafrikana. Polisi waliwapiga risasi, na mamia ya watu waliuawa katika miezi iliyofuata. Je, yafaa kusema kwamba lugha hiyo ni ya udhalimu?

Zamani watu wetu waliiita "Kikaburu". Lakini mwaka 1960 mtoto mmoja mweusi aliuawa kwa risasi huko Nyanga, na mshairi Ingrid Jonker akatunga shairi juu yake kwa Kiafrikana. Tarehe 24 Mei 1994 Nelson Mandela alilisoma shairi hilo, kwa Kiingereza, mbele ya Bunge la kwanza lililochaguliwa na watu wote. Tena miongoni mwa vitabu vya awali vya Kiafrikana ni kile cha mafunzo ya dini alichokiandika Abu Bakr Effendi kwa Waislamu wa Cape kwa herufi za Kiarabu, kikachapishwa Istanbul mwaka 1877. Herufi hizo hizo ndizo zilizohifadhi tenzi zetu za kale. Lugha hiyo basi ilisemwa na watumwa na wana wa watumwa kabla ya kufanywa fimbo. Watoto wa Soweto hawakuikataa sarufi, waliikataa amri. Kwa hiyo tunashauri lugha yenyewe iitwe "Kiafrikana", na neno "kaburu" lihifadhiwe katika kamusi pamoja na maelezo yake ya kihistoria, kama jina lililotumiwa dhidi ya watawala wale. Tukiendelea kusema "Kikaburu", tutalazimika kumwita Ingrid Jonker mshairi wa Kikaburu, na hapo neno letu litakuwa limemdhulumu.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayafikirie mambo manne. La kwanza, ishara ibaki ishara. Mfasiri asiifungue ndani ya shairi kwa kuongeza maelezo. Ng'ombe akigeuzwa kuwa "watu wetu wanaoonewa", shairi limekwisha na imebaki hotuba. Maelezo yawekwe pembeni, au yaachiwe mwalimu. La pili, tafsida ya mtawala ifasiriwe kwa uaminifu, lakini isiachwe peke yake; sentensi moja ieleze kilichotendwa. La tatu, kabla ya kuchagua neno la Kiswahili, lisikilizwe kwa methali, matusi na kumbukumbu zinazoambatana nalo, kama tulivyoona kwa ngoma, ng'ombe na kipande. La nne, tusiazime lugha ya dharau mahali ambapo tunayo maneno yetu wenyewe.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko tuliyoyapendekeza, hasa wale waliosikia maneno ya pasi na kipande kutoka kwa wazee wao, wanaombwa kutuandikia ili yaingizwe katika orodha zetu. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na neno ambalo halikuandikwa huzikwa pamoja na mwenye kulisema.